Chakula na vinywaji katika viti vya mbele, Songwe hadi Dar: mzee asipande ndege na njaa

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu linafanana mno na jambo lililotukuta mimi na mama yangu. Umesema kwamba mzee wako, mwenye umri wa miaka 74 na anayetumia dawa za kisukari, atasafiri kwa ndege kutoka Songwe kwenda Dar es Salaam kuhudhuria kliniki. Kwamba ninyi watoto mmechanga ili akae viti vya mbele. Na kwamba wakala aliyewauzia tiketi amewaambia kuwa huko mbele mzee atakula na kunywa, msihangaike na chakula. Unataka kujua kama maneno hayo ni ya kutegemea. Jibu langu ni kwamba kunywa atakunywa, lakini kula kwa maana ya kushiba asikutarajie.

Mimi hununua kahawa kwa wakulima wa Mbozi, na njia hiyo nimeipita tangu kiwanja cha Songwe kilipofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2012. Safari nyingi nimekaa nyuma kwa fedha zangu, na safari chache nimekaa mbele, hasa ninapomsindikiza mama, ambaye magoti yake hayamruhusu kujikunja kwenye nafasi finyu.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu majina. Watu wengi huku kwetu husema "daraja la kwanza" wakimaanisha viti vyote vya mbele ya pazia, lakini katika safari za ndani ya nchi yetu viti hivyo ni vya daraja la biashara. Daraja la kwanza lenyewe, lile la vyumba vidogo na vitanda, hupatikana kwenye ndege kubwa za mashirika machache ya masafa marefu. Marekani mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa huko viti vya mbele katika safari za ndani huitwa daraja la kwanza hata ndege ikiwa ndogo na safari ikiwa ya saa moja. Nalitaja hili kwa sababu mengi mtakayoyasoma mtandaoni kuhusu mlo wa daraja la kwanza yameandikwa na watu wa safari za saa nane au kumi na mbili, na hayamhusu mzee wako.

Kinachomhusu ni muda. Kutoka Songwe hadi Dar kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 700, na ndege ya jeti hukaa angani kwa saa moja na dakika chache. Dakika kumi za mwanzo ndege inapanda na kila mtu amefunga mkanda, wakiwamo wahudumu. Dakika ishirini na tano hivi za mwisho inashuka, na kabla haijafika chini sana kila kikombe kinapaswa kuwa kimekusanywa, meza zimekunjwa na kitoroli kimefungwa mahali pake, kwa sababu kitu chochote kilicholegea wakati wa kutua kinaweza kumuumiza mtu. Muda unaobaki katikati ni kama nusu saa, au dakika arobaini siku ikiwa nzuri. Kupasha moto chakula kwenye majiko ya ndege peke yake huchukua karibu dakika ishirini. Ongeza kwamba sheria za usafiri wa anga za nchi nyingi hudai angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50, ambavyo kwa ndege ya viti 132 ni wahudumu watatu kwa uchache, na hao hao ndio wenye jukumu la usalama. Ndege za pangaboi huchukua muda mrefu zaidi kidogo, lakini sehemu yao ya kutayarishia chakula ni ndogo, kwa hiyo faida ya muda haiongezi kitu mezani.

Msidhani ni unyonge wa mashirika ya kwetu. Mashirika makubwa ya Marekani kwa kawaida hutoa mlo kamili katika daraja la kwanza pale tu safari inapozidi maili 900 hivi, yaani karibu kilomita 1,450, tena iwe saa ya kula. Chini ya hapo abiria hupewa kinywaji na vitafunwa vya pakiti. Safari yetu ni nusu ya umbali huo. Ulaya wao wana desturi ya kutoa trei ya chakula baridi kwa viti vya mbele hata kwenye safari fupi, na nakiri kwamba ni desturi nzuri.

Sasa niwasimulie yaliyotupata. Ilikuwa mwezi wa Juni, miaka kadhaa iliyopita, na ndege yetu ilitakiwa kuondoka saa tatu asubuhi. Aliyetuuzia tiketi, ambaye sitamtaja, alitupa ahadi ile ile mliyopewa ninyi. Mama alijidunga sindano yake ya insulini nyumbani saa moja kasoro, akanywa uji nusu kikombe, akaacha vilivyobaki kwa kuwa "kifungua kinywa kipo kwenye ndege". Tulipofika kiwanjani ukungu ulikuwa umelala juu ya bonde kama pamba, na ndege iliyokuwa itufuate kutoka Dar ilikuwa bado haijaruka. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Mara mbili nilimwomba mama nimnunulie chai na chapati pale kiwanjani, na mara zote mbili alikataa. Kwake yeye kununua chakula wakati cha kwenye ndege kimeshalipiwa ilikuwa ni kutupa fedha za wanawe. Nilipaswa kusisitiza, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Tulipanda saa tano na nusu. Mhudumu wa mbele, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alimwamkia mama, "Shikamoo bibi," akamletea glasi ya maji hata kabla mlango haujafungwa. Mama alipoinua ile glasi niliona maji yanatetemeka. Nikamtazama usoni: jasho limemtoka juu ya mdomo wa juu na kwenye paji la uso, ilhali mimi nilikuwa bado nimevaa koti kwa baridi. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sioni vizuri." Nilimwita yule binti na kumweleza kwa maneno matatu tu, kisukari na njaa, naye hakuuliza swali la pili. Alirudi na juisi ya embe iliyojaa glasi pamoja na pakiti mbili za sukari, akapiga goti kwenye ujia na kumshikia mama glasi mpaka ikaisha. Rubani alijulishwa na tukasubiri kidogo kabla ya kuondoka. Baada ya kama robo saa mikono ya mama ilitulia, maana sukari ya mwilini, iliyoshushwa mno na insulini bila chakula, ilikuwa imepanda tena.

Tukiwa angani ndipo "mlo" ulipokuja, nao ulikuwa boksi dogo lenye kipande cha keki, pakiti ya korosho na kitambaa cha karatasi. Sina lawama kwa wahudumu wala kwa boksi lenyewe, kwa sababu kwa safari ya saa moja hicho ndicho kiasi kinachowezekana. Kosa lilikuwa la kutumia neno "chakula" kwa kitu ambacho ni kitafunwa, na kumwambia hivyo mtu ambaye maisha yake yanategemea saa ya kula. Kwa hiyo mkizungumza tena na wakala wenu, msikubali neno "huduma" au "chakula" liachwe likielea. Mwulizeni waziwazi kama ni mlo wa moto, sandwichi au vitafunwa, na kama shirika hupokea maombi ya chakula maalumu cha mwenye kisukari kwa safari hiyo. Katika safari fupi mara nyingi maombi hayo hayapokelewi, maana hakuna mlo unaopakiwa ambao ungebadilishwa.

Kuhusu chai, najua mzee wa Tukuyu ataiuliza. Mama alipopewa kikombe chake alionja, akakiweka chini na kusema chai haikuchemka, na alikuwa sahihi. Hewa ndani ya ndege hukandamizwa ili iwe kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, na katika mwinuko wa juu kabisa wa kiasi hicho maji huchemka kwenye nyuzijoto 92 hivi badala ya 100. Sisi tunaoishi Mbeya, kwenye mita 1,700, tunalijua jambo hilo kwa vitendo, kwa kuwa maharage yetu hukaa jikoni muda mrefu kuliko ya watu wa Pwani. Kwa hesabu hiyo abiria wa ndege amekaa mahali fulani kati ya Mbeya mjini na njia ya kupanda Kitulo, na mgandamizo huo si mgeni sana kwa mwili wa mtu wa kwetu. Kigeni ni ukavu. Unyevu wa hewa ndani ya ndege mara nyingi hushuka chini ya asilimia 20, pua na ulimi hukauka, na ladha hupungua. Watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walipolipima jambo hili mwaka 2010 walikuta kwamba ladha ya chumvi hupungua kwa takriban asilimia 20 hadi 30 na ya sukari kwa takriban asilimia 15 hadi 20, huku kelele za injini nazo zikijulikana kuchangia. Ndiyo maana kitu kile kile kitamu cha ardhini huwa kama kimepoa roho kikiliwa juu, na ndiyo maana juisi ya nyanya, ambayo ladha yake haipungui kwa kiasi hicho, hupendwa na wasafiri wengi ambao nyumbani hawainywi.

Kwa mzee, maji ni bora kuliko vyote. Vinywaji vyenye gesi si vizuri, kwa kuwa hewa iliyomo tumboni hutanuka kwa karibu theluthi moja kwenye mwinuko wa juu kabisa niliousema, na kwa sababu hiyo hiyo jioni ya kabla ya safari msimpe kande wala maharage mengi. Bia na mvinyo hutolewa bure kwa viti vya mbele katika mashirika kadhaa. Anayetumia dawa za kisukari asiviguse wakati tumbo ni tupu.

Je, mmepoteza fedha? Mimi nasema hapana, ila mjue mmenunua nini. Mmenunua kiti kipana kwa magoti yake, kupanda mapema bila kusukumana, na zaidi ya yote mhudumu mwenye watu kumi na wawili tu wa kuwaangalia, wakati wenzake nyuma wana watu mia moja na ishirini. Laiti mama angekuwa kiti cha 24 siku ile, juisi ya embe ingefika, lakini sijui kama ingefika kabla hajazimia. Niliwahi kupandishwa daraja bure katika safari fupi kutoka Dubai kwenda Muscat, na kitu ninachokikumbuka ni kahawa ya Kiarabu katika kikombe kidogo pamoja na tende, vilivyotolewa tukiwa bado ardhini na mtu ambaye hakuwa na haraka. Hilo linawezekana hata hapa. Natamani sana siku moja mashirika yanayotua Songwe yaache keki kavu, yampe abiria wa mbele chai ya Rungwe iliyopikwa vizuri ardhini na kuwekwa kwenye chupa, korosho za Mtwara, na kipande cha parachichi lililoiva la huku huku. Havihitaji jiko la ndege, na havizidi nusu saa.

Kwa safari ya mzee, fanyeni hivi. Ale mlo wake wa kawaida nyumbani, na suala la saa ya dawa mlimalize na daktari wake mapema, mkimweleza kwamba asubuhi za kiangazi ukungu huweza kuichelewesha ndege kwa saa nyingi. Abebe chakula kikavu mfukoni au kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege: ndizi mbivu mbili, mayai ya kuchemsha, kipande cha gimbi au mkate, pamoja na pipi au sukari ya dharura. Parachichi limenyeni kabisa na kuliweka kwenye kopo, maana kisu hakitapita ukaguzi. Dawa na kipimo cha sukari navyo vikae mkononi.

Na akiingia ndani, kabla hajafunga mkanda, amwambie mhudumu kwa mdomo wake: "Mwanangu, mimi nina kisukari." Mama husema maneno hayo kila safari sasa, na bado hajakutana na mhudumu aliyeyasikia akampita.