Maji kichwani mwa mtoto aliye tumboni: hakuna dawa ya kuyakausha

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mimba ya wiki 29. Utrasaundi imeonyesha mtoto ana maji mengi kichwani, vyumba vya ubongo vimefika milimita 17, ila mgongo uko sawa. Kuna mtu anatuuzia dawa ya miti shamba ya kukausha maji kabla sijajifungua. Mume wangu anauliza, hospitali hawawezi kuyatoa mtoto akiwa humu humu tumboni? (Mama kijacho, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Dawa hiyo usiinywe, na kama mmeshalipa, iacheni hiyo hela iende.

Hili la "kukausha" linanichosha kuliko yote. Maji ya ubongo si uchafu ulioingia kichwani. Kila binadamu anayo na yanatengenezwa usiku na mchana. Mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita kwa siku. Kwa watoto wengi wa aina hii tatizo ni njia ya maji kuziba, na hakuna mzizi unaozibua njia hiyo. Kina mama wanaletewa chupa ya soda yenye maji meusi, hayana jina wala kipimo, anaambiwa mama anywe kikombe asubuhi na jioni. Anayeyanywa ni mama, na mtoto naye anayapata. Hata dawa za hospitali za kupunguza maji, asetazolamaidi na furosemaidi, zilijaribiwa kwa watoto wachanga waliovuja damu kwenye ubongo. Matokeo yaliyotoka 1998 yalionyesha waliopewa walikuwa na hali mbaya kuliko wasiopewa.

Swali la mumeo ni la maana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Marekani na kwingineko walipitisha mrija kwenye tumbo la mama hadi kichwani mwa mtoto ili kuyatoa maji. Karibu mmoja kati ya kumi alikufa kwa sababu ya upasuaji wenyewe, na wengi wa waliopona walibaki na ulemavu mkubwa. Kufikia 1986 wakasimamisha, na mpaka leo si tiba ya kawaida. Panapofanyika upasuaji tumboni ni kwa mtoto mwenye mgongo wazi, yaani uti wa mgongo ambao haukufunikwa, kabla ya wiki 26: utafiti wa 2011 ulionyesha waliofanyiwa, asilimia 40 walihitaji mrija wa kichwani ndani ya mwaka wa kwanza, dhidi ya 82 ya waliosubiri kuzaliwa. Wewe haikuhusu, maana mgongo wa mtoto wako uko sawa.

Kinachokuhusu ni rufaa. Iombe sasa hivi uende MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam, urudie utrasaundi, upimwe maambukizi kama toksoplasma, vimelea vinavyoweza kumfikia mtoto tumboni. Usikubali kuzalishwa njiti ili "kuwahi maji". Kama ni kisu au njia ya kawaida, ukubwa wa kichwa ndio utakaoamua. Akishazaliwa atapimwa upya. Si wote wanaohitaji upasuaji. Wanaohitaji huwekewa mrija wa kupeleka maji tumboni mwa mtoto mwenyewe, au hutobolewa njia mpya ya maji kwa kamera ndogo na kuchomwa tishu zinazoyatengeneza, namna ambayo daktari wa upasuaji wa ubongo, Dk. Benjamin Warf, aliianzisha Mbale, Uganda.

Wanaoumia zaidi ni wale waliozungushwa kwanza kwa waganga. Mtoto analetwa ana miezi mitano, ngozi ya kichwa imevutika hadi inang'aa, ana chale mbichi kwenye paji, na tayari haoni. Mrija tunamwekea, maji yanashuka, lakini macho hayarudi. Wengi wao walizaliwa na kichwa cha kawaida, wakapata homa kali wiki za mwanzo, kichwa kikaanza kukua, na nyumbani wakaambiwa ni mzimu au jicho la mtu. Kwa hiyo wenye wachanga, mwombeni nesi apime mzunguko wa kichwa kila mnapokwenda kliniki, auandike kwenye kadi. Utosi ukivimba, mishipa ya kichwani ikichomoza, au mboni zikawa zimeshuka chini muda wote, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.