Bunduki ya babu haigawanywi kama shamba

Swali la wiki lilikuwa hili: mzee aliyepigana vitani amefariki, wanawe wamekuta bunduki yake ya zamani uchagani, sasa ni ya nani?

Si ya yeyote kati yenu mpaka polisi waione. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015, leseni ya silaha ni ya mtu kwa jina lake, haimfuati mwanawe. Na nyingi kati ya bunduki hizi hazikuwahi kuwa na leseni hata siku moja.

Ila kabla ya sheria kuna uhai. Msivute bolti, komeo la nyuma ya mtutu, "kuona kama ina risasi". Ganda la risasi lililokaa ndani ya mtutu miaka 80 hushikana na chuma kwa kutu. Vyuma vinavyoizuia pini huenda vimelika kwa kutu, na mtikisiko mdogo waweza kuifyatua. Baruti kuukuu si baruti iliyokufa. Iacheni ilivyolala, ondoeni watoto, fungeni chumba, na ufunguo akae nao mtu mzima mmoja. Kama pembeni kuna bomu la mkono au kombora, msiliguse wala kulifunika. Tokeni wote mpige 112.

Msiisugue kwa msasa, hata ikiwa na kutu namna gani. Fataki (viwashio) za risasi za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi hiyo hunyonya unyevu, na kwa ukungu wa Makete au Rungwe kutu haikosi. Lakini msasa unafuta maandishi, na maandishi ndiyo historia yenyewe. Kufuta namba ya silaha pia huwatia mashakani mbele ya polisi. Pigeni picha bila kuigusa, halafu msizitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Picha hizo zinasema mengi. Bunduki ndefu isiyo na magazini (kasha la risasi), yenye tundu la milimita 11 na maandishi "Mod. 71", ni Mauser ya askari wa Wajerumani, moshi wa baruti yake ndio uliofichua mahali walipojificha katika vita vya 1914–1918. Herufi "K.S." ni alama ya jeshi lao la koloni. Yenye taji na herufi "G.R." karibu na kitako, na magazini ya risasi 10, ni Lee-Enfield ya Waingereza, iliyobebwa na KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, hadi Burma huko Asia katika vita vya pili. Iliyoundwa kwa bomba na kujazwa baruti mdomoni ni gobole, hata kama ukoo mzima unaapa ilitoka vitani. Silaha ya kijeshi kutoka vita vya Kagera, 1978–79, ni mali ya Jeshi, na hapo hakuna mjadala.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kuifunga kwenye gunia na kupanda nayo bodaboda kwenda kituoni. Njiani wewe ni mtu mwenye silaha bila kibali. Nendeni mikono mitupu kwa mtendaji wa kijiji au kituoni, mtoe taarifa, na polisi waje kuichukua. Ombeni hati ya mapokezi yenye namba ya silaha, au RB (namba ya taarifa yenu kituoni). Umoja wa Afrika umeutenga Septemba ya kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa msamaha. Tangazo la Serikali likitoka, lisomeni tarehe na masharti. Lakini risasi ikiwemo ndani ya nyumba, msisubiri Septemba.

Msimamizi wa mirathi naye asiifiche. Mahakama ya Mwanzo humpa miezi minne kuwasilisha orodha ya mali kwa Fomu Na. 5, aambatanishe hati ya polisi, ili kesho mtu asidai kwamba kaka mkubwa ameiuza.

Kama mnataka ionekane na wajukuu, andikeni barua mapema, kabla haijateketezwa, kwa polisi na kwa makumbusho, mfano ile ya Boma la Iringa. Elezeni jina la mzee, kikosi chake na alikopigana.

Nishani ni zenu kabisa, zirithini. Ila nishani za Uingereza za vita vya pili zilitolewa bila jina la askari, kwa hiyo ikipotea karatasi ya kuachishwa jeshi hakuna tena wa kuthibitisha zilikuwa za nani. Wekeni vyote viwili bahasha moja, mbali na moshi wa jikoni.