Slaidi zimefika, wimbo haukufika

SWALI: Nimetengeneza onyesho la slaidi 40 za picha kwenye PowerPoint, na nyuma yake nikaweka wimbo wa dakika nne. Kwenye kompyuta yangu linakwenda vizuri, picha na sauti. Nilipowatumia jamaa zangu kwa barua pepe, mmoja alisema anaona picha lakini hasikii kitu. Kwa mwingine barua ilirudi, eti faili ni kubwa mno. Nimelibana kwa zip, likabaki vilevile. Nifanyeje?

JIBU: Una matatizo mawili hapo, ndugu, na kila moja lina dawa yake. Tuanze na la sauti.

Inawezekana kabisa kwamba wimbo haumo ndani ya faili ulilotuma. PowerPoint ya 2003 na ile ya 2007 hazikuwa zikiingiza MP3 ndani ya onyesho. Ziliandika tu wimbo uko folda gani kwenye diski yako. Kwako unasikika kwa sababu folda ipo. Kwa mwenzako programu inautafuta, inaukosa, inanyamaza. Kuanzia toleo la 2010 wimbo huingizwa ndani, isipokuwa uwe umechagua mwenyewe kuuunganisha kwa kiungo, au faili lenyewe liwe lilianzia kwenye toleo la zamani.

Usikisie, fungua uone. Faili la pptx, yaani onyesho la PowerPoint la mtindo mpya, kwa kweli ni zip iliyobadilishwa jina. Tengeneza nakala yake, badilisha mwisho wa jina kutoka .pptx kuwa .zip, kisha ulifungue. Ndani utakuta folda ya ppt, na ndani yake folda ya media. Humo ndimo zinamokaa picha zako zote, image1.jpg, image2.jpg na kuendelea, na wimbo unapaswa kuwemo pia, kwa kawaida kwa jina kama media1.mp3. Kama haumo, umeshapata jibu: futa alama ya spika kwenye slaidi ya kwanza, uuingize wimbo upya kwa toleo jipya, uchague "Play in Background" ili usikatike slaidi zinapobadilika, halafu uhifadhi kama pptx. Kama mwisho wa faili lako ni .ppt, hilo ni la mtindo wa zamani na hutalifungua kwa njia hii. Lihifadhi kwanza kama pptx.

Na kama wimbo umo, muulize jamaa yako alilifungulia wapi. Wengi hugusa kiambatisho kwenye simu na kutazama ile picha ya haraka inayoletwa na programu ya barua pepe. Huko mara nyingi sauti haipigi, hata faili likiwa salama.

Folda hiyohiyo ya media itakueleza na habari za uzito. Panga vilivyomo kwa ukubwa. Wimbo wa MP3 wa kiwango cha kbps 128 (kilobiti 128 kwa sekunde) huchukua takriban MB 1 kwa dakika, kwa hiyo wako ni kama MB 4 tu. Ukiwa ni WAV, yaani sauti isiyobanwa, wa ubora wa CD, dakika nne ni zaidi ya MB 40, na hapo barua haiendi popote. Lakini mara nyingi mzigo ni picha: picha moja ya simu inaweza kuwa MB 3 au 4, zidisha kwa 40. Tumia "Compress Pictures", uchague ppi 150 (nukta 150 kwa kila inchi). Kwa kutazama kwenye skrini inatosha. Zip haikukusaidia kwa sababu pptx, JPEG na MP3 zote zimeshabanwa tayari.

Gmail inakubali viambatisho vya jumla ya MB 25, ila usijaze hadi ukingoni. Kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, kila baiti 3 zikawa herufi 4, hivyo MB 18 zinasafiri kama MB 24. Na hata huduma yako ikiruhusu, ya mpokeaji inaweza kuwa na kikomo kidogo zaidi.

Kwa maoni yangu, lakini, mtu anayetaka kutazama tu hahitaji slaidi kabisa. Mpe video. Nenda "File", kisha "Export", uchague kutengeneza video ya MP4. Ubora wa 720p unatosha. Angalia muda wa kila slaidi: usipopanga, PowerPoint hutoa sekunde 5, na slaidi zako 40 zitakwisha kwa sekunde 200 wakati wimbo ni sekunde 240. Weka sekunde 6, vitamalizika pamoja. Video hufunguka kwenye simu yoyote ya kisasa, bila PowerPoint, na sauti yake imo ndani.

Video hiyo ikizidi uzito, ipakie kwenye Google Drive au OneDrive, utume kiungo kwenye barua. Kwenye Drive faili huwa limefungwa kwako peke yako, kwa hiyo badilisha ruhusa ili yeyote mwenye kiungo aweze kutazama, la sivyo utapokea maombi ya ruhusa kutoka kwa kila jamaa. Kisha kifungue mwenyewe kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambako hujaingia kwa akaunti yako. Kikifunguka hapo, tuma. Na usiifute video kwenye Drive mpaka wote wawe wameitazama.