Stata Haikuwa na Kosa

Gari langu la zamani lilikuwa gumu kuwaka, nikaanza kwa kununua betri mpya. Asubuhi gari likaendelea kuguna vilevile, kama mzee anayeinuka kitini. Nikafungua stata, ile mota inayozungusha injini iwake, nikaipeleka kwa fundi, ikatengenezwa, nikairudisha. Wapi! Jibu lilikuja kwa bahati tu. Nilikuwa nimeinama chini ya boneti, mwenzangu anapiga stata, mkono wangu ukagusa kebo ya akselereta (ya kanyagio la mafuta). Ilikuwa ya moto, na imeanza kufuka moshi.

Kebo ile haina kazi yoyote ya umeme. Lakini umeme ukishaizungusha stata lazima urudi kwenye betri kupitia bodi, na injini imekalia mipira, haigusani na bodi. Kinachoziunganisha ni waya wa ethi. Wangu ulikuwa umeliwa na kutu, basi umeme ukapitia uchochoroni, kwenye kebo ile.

Siku hizi gari la zamani likinisumbua naanzia kwenye ethi. Weka mita ya umeme kwenye volti za DC (umeme wa betri), ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri (nguzo yenyewe, si kibano chake), nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, njia ya kurudia ni mbovu. Mimi nilisoma 4! Angalizo: magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yamefungwa chanya kwenye bodi, kwa hiyo hapo pima nguzo chanya.

Boliti ya ule waya kwa juu ilikuwa inang'aa. Nilipoifungua, chini nikakuta rangi ya bodi na unga wa kijani. Msasa na grisi kidogo, kazi ikaisha. Hela ya betri na stata ilishakwenda.

Taa ni hivyohivyo. Ukiwasha indiketa, taa ya nyuma ya upande uleule nayo ikawa inapepesa, usihangaike na balbu. Soketi imekosa ethi.

Halafu usiiamini mno mita. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utakusomea volti 12 na ushee, kwa kuwa mita hainywi umeme. Ndiyo maana natembea na balbu ya wati 21 niliyoiunga nyaya mbili. Yenyewe inakula umeme. Waya ukiwa mgonjwa, inafifia palepale.

Fyuzi za kioo zitoe zote usugue ncha na vibano vyake, hata kama hazijaungua. Na usithubutu kuweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, utachoma waya.

Betri ikiwa inaisha usiku, zima kila kitu, ipitishe mita, ikiwa kwenye ampea, kati ya nguzo na waya wake uliochomolewa. Ikivuka miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Kwangu ilishuka kwenye fyuzi ya taa za ndani, ilhali ndani kulikuwa giza tupu. Nikaenda kufungua buti, nikaigusa balbu yake. Ilikuwa ya moto.