Mashabiki wanahudumiwa au wanaongezewa?

Swali: Huwa naandika uhakiki wa filamu na tamthilia za kisayansi, hasa Star Trek na Star Wars. Kuna jambo ambalo kwa Kiingereza huitwa "fan service": watayarishaji wanaingiza mhusika wa zamani, chombo cha zamani au utani wa zamani ili kuwafurahisha mashabiki wa siku nyingi. Niliandika, "Filamu hii imejaa huduma ya mashabiki." Mhariri akaifuta, akasema hicho ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Niseme nini? Na neno nitakalotumia liwe la kusifu au la kulaumu?

Jibu: Mhariri wako hakukuonea. Tuna huduma ya kwanza, huduma za afya na huduma kwa wateja. Zote ni za mtu mwenye shida au haja fulani. Ukisema filamu imejaa huduma ya mashabiki, msomaji atadhani ukumbini kuna maji ya kunywa na vyoo safi.

Istilahi hiyo ilienezwa na wapenzi wa katuni za Kijapani, ambako mara nyingi ilihusu picha za kuchokoza ashiki zisizosaidia hadithi. Wajapani walilitohoa neno la Kiingereza "service", lakini wakalipa pia maana yao: kile ambacho muuzaji humpa mteja bure, juu ya alicholipia. Hapo Mswahili yuko nyumbani, maana sokoni hatununui fungu la nyanya bila kudai nyongeza. Basi chukua hilo: nyongeza. Uzuri wake ni kwamba linakuja na hukumu ndani yake. Nyongeza huja baada ya fungu kutimia. Fungu likiwa bovu, nyanya moja ya bure haimtulizi mtu.

Mfano wa nyongeza iliyotimia ni kipindi cha Star Trek: Deep Space Nine cha mwaka 1996, kilichotengenezwa kuadhimisha miaka 30 ya Star Trek. Wahusika wanarudi nyuma kwenye enzi za Kapteni Kirk, shujaa wa Star Trek ya kwanza, na kwa ufundi wa kompyuta wanaingizwa ndani ya picha za kipindi kilichorushwa mwaka 1967. Sasa tazama wakiwa baa. Mmoja wao, Worf, ni Mklingoni, yaani wa jamii ya viumbe wa sayari nyingine. Wenzake wanawaona Waklingoni wa zamani, nyuso laini kama za binadamu yeyote, kisha wanageuka kumtazama yeye mwenye paji la matuta. Wanamuuliza imekuwaje. Anajibu kwa unyonge kwamba jambo hilo halizungumzwi mbele ya watu wa nje. Shabiki mkongwe anajua kuwa matuta yaliletwa na filamu ya Star Trek ya mwaka 1979, fedha za kuwapamba waigizaji nyuso zilipopatikana. Mgeni hajui lolote, lakini anacheka vilevile, kwa sababu anamwona mtu aliyeguswa siri ya ukoo. Fungu limetimia, na cha juu kipo.

Si kila kitu kinastahili jina hilo. Katika Rogue One, filamu ya Star Wars ya mwaka 2016, mhusika mkuu Jyn anapamiwa njiani na wapita njia wawili wakorofi. Ni wale wagomvi wa baa katika filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977. Tukio ni la sekunde chache, halina faida wala madhara. Hapo sema filamu inawakonyeza mashabiki, inatosha.

Tena kuna kujipendekeza. Katika The Rise of Skywalker, Star Wars ya mwaka 2019, Chewbacca, yule mwenzake Han mwenye manyoya, anapewa medali mwishoni. Kwa nini? Kwa sababu katika ile filamu ya mwaka 1977 mashujaa Luke na Han walivishwa medali, yeye akaachwa, na mashabiki wakalalamika miaka nenda miaka rudi. Ndani ya hadithi yenyewe hakuna aliyekuwa akiidai. Mimi pale niliona watayarishaji wakijipendekeza, na neno hilo silirudishi. Ona pia jinsi kiambishi -ji- kinavyofanya kazi: anayejipendekeza anajitafutia kupendwa yeye, hata kama mkononi kashika zawadi ya mwingine.

Kwa hiyo usitafute neno moja la kusifu na kulaumu kwa pamoja. Kiingereza kimeyatia yote kapu moja, nacho kina sababu zake. Wewe mhakiki unalipwa kuyatenganisha.

Limebaki la sarufi. Usiandike "nyongeza ya mashabiki", maana itasomeka kana kwamba mashabiki ndio walioongeza kitu, au kwamba idadi yao imepanda. Andika "nyongeza kwa mashabiki", au tumia kitenzi: mashabiki wameongezewa. Wingi haubadiliki umbo, unabadilisha upatanisho tu: nyongeza hii imenoga, nyongeza hizi zimezidi. Sentensi yako, kama ulikusudia kulaumu, ingesomeka: "Filamu hii inajipendekeza mno kwa mashabiki." Kama ulikusudia kusifu, hilo "imejaa" liondoe kwanza.