Vijiuyoga vya kahawia: usile usiku huu

Mkuu, swali lako huibuka kila msimu wa mvua. Umeokota vijiuyoga vya kahawia, umepiga picha tatu kwa simu, unataka wadau tukwambie kama ndio ule uyoga wa kulevya na kama unaweza kuula usiku huu. Jibu la usiku huu ni usile. Ngoja nikueleze, maana sikukatazi kwa habari za kusikia.

Nimezunguka na kikapu misimu kumi na minne. Nilianza na uyoga wa chakula, baadaye nikavutwa na huo unaoutafuta. Msimu wa tatu nilishajiona fundi, na huo ndio mwaka mbaya kuliko yote, kwa sababu wa kwanza unaogopa kila kitu na wa kumi umeshaonyeshwa. Wa tatu unajua majina tu.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Mimi na rafiki yangu tukakuta kando ya njia pametandazwa vibanzi vya mbao, na juu yake uyoga umejaa mafungu mafungu. Kofia rangi ya asali iliyoungua, zinang'aa kwa maji, shina jembamba. Mwenzangu akaminya mmoja, baada ya muda ukaanza kuingia rangi ya buluu. "Ndio wenyewe!" Akataka tuchemshe usiku uleule. Mimi nikang'ang'ania tuangalie vumbi kwanza, yaani ule unga laini wa mbegu unaodondoka chini ya kofia. Tukabishana mpaka tukanuniana.

Nilikata kofia saba nikazilaza kifudifudi juu ya karatasi, upande mmoja nyeupe, mwingine nyeusi, kila moja nikaifunika na glasi yake. Asubuhi nikainua glasi. Kofia tano ziliacha vumbi la zambarau iliyokolea, karibu na nyeusi, kama wino uliokauka, rangi tuliyoitarajia kwa ule wa kulevya. Mbili ziliacha vumbi la kutu, rangi ile unayoipata kidoleni ukishika msumari wa zamani. Nikarudi kwenye mashina ya hizo mbili. Kwenye moja kulikuwa na kipete chembamba, mvua imekibandika shinani hadi usiku hatukukiona. Saba zote zilitoka mahali ambapo kiganja changu kingepafunika. Mkono uliingia mara moja, ukatoka na aina mbili.

Dalili zote za zile mbili ziliniangukia kwenye Galerina marginata. Ukiwa na jina moja tu la kukumbuka kutoka kwenye uzi huu, liwe hilo. Ni kadogo, ka kahawia, huota kwenye mbao zinazooza, na hupenda majira yaleyale. Ndani yake mna amatoksini, sumu ileile ya Amanita phalloides, uyoga unaohusishwa na vifo vingi kuliko wowote. Kuichemsha hakusaidii, kuikausha hakusaidii, kuigandisha hakusaidii. Sumu hiyo hufunga kimeng'enya ambacho seli hukitumia kunakili maagizo ya jeni, kwa hiyo seli inashindwa kutengeneza protini zake na inakufa. Ini ndilo linaloumia zaidi, kwa sababu sumu ikitoka na nyongo hunyonywa tena na utumbo na kurudi palepale.

Halafu angalia saa zake, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Silosibini, ile ya kulevya, kwa kawaida huanza kujionyesha ndani ya saa moja. Amatoksini hukaa kimya saa sita, mara nyingi nane mpaka kumi na mbili, wakati mwingine siku nzima. Kisha unatapika na kuhara vibaya. Siku ya pili au ya tatu unapata nafuu, unaomba hata chakula, ndugu wanashukuru. Hiyo nafuu ni ya uongo, ini linaendelea kuharibika, na siku chache baadaye linaweza kukataa kabisa. Sasa piga hesabu: ukila mchanganyiko kama ule wangu, utalewa vizuri tu kwa wakati uliotarajia, utaamini umepatia, na utalala ukiwa na furaha.

Usidhani ni hadithi ya kumtisha mtoto. Mwaka 1981, kisiwa cha Whidbey, jimbo la Washington huko Marekani, vijana walichuma wakidhani wamepata wa kulevya. Ilikuwa Galerina, na mmoja wao akafa.

Wapo watakaokwambia ukigeuka buluu uko salama. Buluu kwenye jamii ya Psilocybe, ndiyo hiyo ya kulevya, hutokea silosibini ikivunjika kuwa silosini, nayo ikakutana na hewa. Lakini ipo jamii ya uyoga mnene wenye vitundu chini ya kofia ambao baadhi yake hugeuka buluu ukikatwa, bila kilevi chochote ndani. Na buluu ya uyoga mmoja haimtolei ushahidi jirani yake. Sisi tuliminya mmoja tukaapa kwa saba.

Kukosea kwenyewe hakuna upande. Mwaka 1799, London, baba mmoja alichuma uyoga bustani ya Green Park akawapikia watoto wake kama mboga. Daktari Everard Brande aliandika yaliyofuata: mtoto wa miaka minane alishikwa na kicheko kisichozuilika, wazazi wakimkemea wapi. Yule baba alitaka chakula akapata kilevi. Wewe unataka kilevi.

Ule mwekundu wenye madoa meupe, Amanita muscaria, usiuchanganye na habari hii. Hauna silosibini, una muskimoli na asidi ya iboteniki, na ulevi wake ni mambo mengine kabisa. Ogopa zaidi jamii ya Cortinarius, nayo ina wenye rangi ya kahawia na vumbi la kutu. Baadhi yake hubeba orelanini, inayoua figo, na dalili zinaweza kuchelewa siku mbili hadi wiki tatu. Wakati huo umeshasahau uliokula. Huko Scotland mwaka 2008, watu wanne walikula wa jamii hiyo wakidhani ni uyoga mtamu wa porini. Mmoja wao alikuja kupewa figo na binti yake mwaka 2011.

Sheria nitaipita haraka. Silosibini na silosini zimo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti vilevi vya aina hii, na nchi nyingi zimekwenda mbali zaidi. Uingereza, kwa mfano, tangu 2005 hata uyoga wa kulevya ukiwa mbichi ni kosa. Soma ya nchi yako mwenyewe.

Kama umeshakula na unasoma hapa kwa hofu, funga simu uende hospitali, usisubiri dalili. Beba masalia, hata maganda na matapishi, kwenye mfuko wa karatasi, maana wa plastiki huyaozesha. Mwambie daktari saa uliyokula na saa tumbo lilipoanza. Usione aibu kutaja ulichokuwa unatafuta, maana ukificha atakutibu kwa tumbo la kawaida.

Kama hujala, kofia zote, si moja, zilaze kwenye karatasi usiku huu. Funika, nawa mikono, lala. Kesho utuletee rangi ya vumbi la kila moja, na picha ya shina lote hadi chini kabisa ardhini, si ya kofia kwa juu kama hizo tatu. Hata zikitoka zote zambarau sitakwambia ule. Ila hapo tutakuwa na kitu cha kuzungumza.