Mafua ya ndege: kabla ya kulaumu upepo, tazama viatu vyako

Mkuu, umeuliza kama mafua ya ndege huletwa na upepo, na kama kuku waliobaki baada ya wenzao kufa ghafla wanalika. Nimefuga kuku na bata miaka kadhaa na niliwahi kupoteza banda zima, basi nakujibu kama mfugaji.

Siku ile nilikuta kuku kumi na mmoja wamelala chali, waliobaki wamezubaa, upanga wa kichwani umekuwa wa zambarau. Daktari wa mifugo alipofika hakuingia bandani. Alisimama mlangoni akanitazama miguuni. "Viatu hivi ndivyo ulivyoendea soko la kuku?" Ndivyo. Na trei za mayai? Za kuazima. Vipimo vikatoka: mdondo (kideri, ugonjwa wa Newcastle), si mafua ya ndege. Kwa macho huwezi kuyatofautisha magonjwa haya, ni maabara tu, kwa hiyo usimwamini anayekwambia "mimi naujua huu" akiwa amesimama nje ya uzio.

Lakini maswali yale ya mlangoni yanafaa kwa magonjwa yote mawili. Makao ya asili ya virusi vya mafua ya ndege ni ndege wa majini wa porini. Hutoka kwa kinyesi na mate, na kwenye maji baridi hudumu muda mrefu. Bata anaweza kuvibeba akiwa mzima kabisa, kumbe kuku akipata aina kali ya virusi hivyo kama H5N1 mara nyingi hamalizi siku mbili. Bata wangu walikuwa wakishinda bwawani, jioni wanakunywa karai moja na kuku. Karai lile hadi leo likinijia akilini najisikia vibaya. Upepo husukuma vumbi la bandani umbali mfupi, sikatai. Ila kutoka shamba hadi shamba, mara nyingi msafirishaji ni sisi: viatu, matenga, magurudumu, trei.

Kwa binadamu, Hong Kong mwaka 1997 waliugua watu 18, wakafa 6. Masoko ya kuku hai yalihusishwa. Tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limehesabu wagonjwa zaidi ya 900 wa H5N1, karibu nusu wakafariki, ingawa walioumwa kidogo huenda hawakuhesabiwa. Kuambukizana mtu kwa mtu ni nadra, kwa kuwa virusi hivi hushika vizuri zaidi chembe hai za ndani kabisa ya mapafu kuliko za puani na kooni. Mwaka 2024 viligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa Marekani, na baadhi ya wakamuaji dalili yao kubwa ilikuwa macho mekundu tu.

Kuhusu kula: nyama na mayai yakiiva hadi ndani, nyuzi 70 na kuendelea, virusi vinakufa. Hatari iko kabla ya sufuria, kwenye kuchinja, kunyonyoa na kutoa matumbo. Kwa hiyo hao waliobaki usiwachinje, na kibudu usikiguse mikono mitupu. Wafungie, piga simu kwa daktari wa mifugo leo hii. Ukishikwa na homa siku chache baadaye, mwambie daktari mapema kwamba ulishika kuku wagonjwa, usisubiri akuulize. Oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya mafua, hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48.

Mimi sasa bata wana banda lao na karai lao. Viatu vya bandani vinaning'inia kwenye msumari ndani ya mlango, na mgeni akija namvalisha.